Mpini wa Nakijwa

Niitikieni!
— Tumekuitikia!
Nikate?
— Kata!
Nikate kwa ubutu au kwa makali?
— Kwa makali!
Basi aliye mbali na asogee, aliye na kikohozi na akohoe sasa, na aliyeketi juu ya kuni aondoke, kuni ni za moto, si za makalio.

Hapo kale, zama ambazo nyigu walisema na watu na watu wakawajibu, palikuwa na mhunzi katika nchi ya milima na migomba. Jina lake Mrindoko. Jembe lake lililima, shoka lake lilipasua, mundu wake ulivuna. Watu walishukuru, wakaenda zao. Mrindoko peke yake hakuridhika. Aliwahi kumfuata mtu mpaka shambani, tupa mkononi, jasho usoni, akamwambia, "Bwana, nirudishie lile jembe. Kuna mkwaruzo nimeuota."

Mrindoko alikuwa na binti mmoja, Nakijwa. Na Nakijwa alikuwa amechumbiwa na Sekiete, mfuga nyuki wa kilima cha pili. Nakijwa alimtaka Sekiete, Sekiete alimtaka Nakijwa, na wazazi wa pande mbili walikwisha kukubaliana. Kilichosalia kilikuwa kisu.

Kisu gani? Sikilizeni. Katika nchi ile bibi harusi hakuingia nyumba ya mumewe hivi hivi. Mlangoni palitundikwa mkungu wa ndizi mbichi. Mama mkwe alisimama chini yake na ungo. Bibi harusi alichomoa kisu alichofuliwa na baba yake, akakata chane ya juu kwa mvuto mmoja, ikaanguka katika ungo, naye akaingia. Kisu kikikwama, au kikimteleza, alirudi kwao. Na kisu chenyewe hakikuwa cha pambo. Kilikuwa cha kumenyea, cha kuchunia, cha kukatia kamba na kuchongea mwiko. Kisu cha kazi, cha maisha yote.

Sheria nyingine ilikuwa hii: mshenga huja kumchukua bibi harusi siku ya gulio. Akija akakuta kisu hakijaisha, hurudi. Akija mara ya pili, hurudi. Akija mara ya tatu akakikosa, posa imevunjika, na hapana wa kuiunga.

Mrindoko alisema moyoni, "Nimewafulia watu wote. Huyu ni mwanangu. Chake kitakuwa kisu kisicho na dosari hata moja chini ya jua."

Akakata gamba la mgomba, akachora kwa mkaa umbo la kisu: mgongo ulionyooka, tumbo lililobinuka kidogo, ncha iliyoshuka. Akalitazama, akalitupa. Akachora la pili, akalitupa. Akachora mpaka mbuzi wa jirani wakanenepa kwa magamba yaliyotupwa.

Juu ya boriti ya kiwanda aliishi nyigu mfinyanzi, bibi mwenye kiuno kama uzi, aliyekuwa akijenga nyumba yake ya udongo. Akashuka, akatua juu ya fuawe lililopoa, akaimba:

*Fundi usiyejikata, kisu chako ni cha nani?*
*Mpini wa kufumbata, umepimwa mkononi?*

Mrindoko akajibu bila kuinua macho, "Ni cha Nakijwa, binti yangu. Kwanza kisu, kisha mkono."

"Haya, fundi," akasema nyigu, akarudi kwenye udongo wake.

Mrindoko akavukuta mivukuto. Chuma kikawa chekundu, kikawa cha rangi ya chungwa. Akakipiga kwa nyundo, akakinyoosha, akakirudisha motoni. Umbo lilipotimia, alitaka makali magumu kuliko makali yote. Kwa hiyo hakuchukua mafuta yaliyokuwa karibu. Akachukua maji ya chemchemi, baridi ya kuuma meno, akatumbukiza chuma chenye moto.

Chuma kikasema: Ta!

Mrindoko akakiinua. Ufa mwembamba kama unywele ulitoka makalini ukafika mgongoni.

Nakijwa alikuwa mlangoni, amebeba uji wa baba yake. Akasema taratibu, "Baba, nikishike kidogo?"

"Kisu kisichomalizika hakishikwi," akasema Mrindoko. Hiyo ilikuwa sheria ya ukoo wao, nayo aliishika kuliko koleo.

Siku ya gulio ikafika. Mshenga akatokea njiani, bwana Kasiva, mtu mfupi mwenye mdomo mrefu.

"Hodi wenye moto!"

"Karibu, mkwe."

"Bibi harusi yu tayari?"

"Yu tayari."

"Kisu je, ki tayari?"

"Bado kidogo."

"Aliyechelewa ni nani basi?"

"Kilichochelewa ni chuma."

"Chuma hakina miguu, mkwe wangu. Mwenye miguu na akachelewa ni wewe." Kasiva akageuza fimbo yake, akarudi alikotoka. Na Nakijwa, aliyekwisha kupanga nguo zake katika pakacha, akazitoa moja moja akazikunja upya.

Mrindoko akaanza tena. Safari hii alichovya katika mafuta ya nyonyo, na chuma hakikulia. Akakipasha moto tena, polepole, mpaka kikashika rangi ya asali, ugumu ukapungua kiasi na uvumilivu ukaingia. Kwa kweli kisu kile kilikuwa chema. Angekiacha hapo, ngano yetu ingekwisha hapa, nasi tungekwenda kulala.

Hakukiacha. Aliona mkwaruzo wa tupa. Akausugua kwa mchanga. Mchanga ukaleta mikwaruzo midogo zaidi. Akaisugua kwa majani ya msasa. Majani yakaonyesha mingine, midogo kuliko ile midogo. Alisugua asubuhi, alisugua adhuhuri, alisugua alasiri. Uso wake ukaonekana ndani ya bapa, akaona ukungu juu ya uso ule, akausugua nao.

Nyigu akashuka, akatua juu ya nyundo:

*Fundi usiyejikata, kisu chako ni cha nani?*
*Mpini wa kufumbata, umepimwa mkononi?*

"Bibi nyigu, una wimbo mmoja tu? Kwanza kisu, kisha mkono!"

"Nina wimbo mmoja na nyumba moja," akasema nyigu, "na nyumba yangu mlango wake haunikwamishi." Akaruka.

Mrindoko akatoka nje kukijaribu kisu kwenye bua la mgomba. Kikang'aa juani kama maji. Akakivuta juu ya bua. Kikapinda kama unyasi, kikabaki kimepinda. Alikuwa amekisugua mpaka amekimaliza.

Nakijwa, aliyekuwa akipalilia karibu, akaja mbio. "Baba, kabla ya kingine, nikishike hata hiki nione uzito wake?"

"Kisu kisichomalizika hakishikwi."

Gulio la pili likafika.

"Hodi wenye moto!"

"Karibu, mkwe."

"Bibi harusi yu tayari?"

"Yu tayari."

"Kisu je, ki tayari?"

Mrindoko akatazama chini.

"Mkwe wangu," akasema Kasiva, "kule kwetu mkungu wa kwanza uliiva tukaula. Wa pili umeiva, tunaula leo. Huyu mchumba tumemposa ili tupate mke, au ili tupate ndizi mbivu?" Watu waliofuatana naye wakacheka. Kasiva mwenyewe hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Nikija tena ni mara ya tatu. Mdomo wangu ni wa mzaha, sheria si ya mzaha."

Siku ile Nakijwa hakuzikunja nguo upya. Aliziacha ndani ya pakacha, akakaa juu ya kifuniko. Alikuja kula pamoja na baba yake kama kawaida, mkono wa kulia sahanini, macho chini, na machozi yakaanguka kwenye ugali. Mrindoko aliyaona. Akanawa kabla hajashiba, akarudi kiwandani.

Akafua kisu cha tatu. Akakichovya katika mafuta, akakipa rangi ya asali, akakisugua, na mara hii akajizuia: alipoona mkono unataka kusugua zaidi, aliukalia. Mkwaruzo mmoja tu ulibaki, karibu na mgongo, mrefu kama kucha ya mtoto. Akasema, "Huu nitauondoa mwisho."

Kisha mpini. Akachagua mzeituni wa mwitu, mti wenye mishipa kama moshi uliotulia. Akaupasua vipande viwili, akaukumbatisha mkia wa chuma, akapigilia misumari miwili ya shaba, akaziba kwa ulimbo na nta. Akauchonga kwa kuufumbata mwenyewe: hapa tundu la kidole gumba, hapa mbonyeo wa kidole cha shahada, hapa uvimbe wa kuzuia kisu kisiteleze. Akashona ala ya ngozi ya mbuzi. Akaufumbata tena mpini, ukamkaa kiganjani kama ulioota pale. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu posa ilipokuja.

Kesho yake ndiyo ilikuwa gulio la tatu. Asubuhi, sauti njiani:

"Hodi wenye moto!"

"Karibu, mkwe! Bibi harusi yu tayari, na kisu… kisu nimebakiza mkwaruzo mmoja."

Kasiva akaketi juu ya gogo, akaweka mbele yake kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa ambayo mshenga hupewa ya kunywa njiani. "Sheria yanipa nafasi ya kibuyu kimoja," akasema. "Nikikimaliza, naondoka. Ama na Nakijwa, ama na posa iliyovunjika." Akanywa funda la kwanza.

Mrindoko akaokota jani la msasa. Hapo nyigu akashuka mara ya tatu, akatua juu ya mpini wenyewe, akaimba:

*Fundi usiyejikata, kisu chako ni cha nani?*
*Mpini wa kufumbata, umepimwa mkononi?*

Mrindoko akainua mkono amfukuze. Nyigu hakuruka. Akasema, "Fundi, tazama juu." Mrindoko akatazama. Kwenye boriti ile nyumba ya udongo ilikuwa imekwisha, mviringo kama chungu kidogo. "Kila donge nililoweka, nimeingia na kutoka ili nipime. Ni mbaya kwa macho, ina vinundu vya udongo kila upande. Lakini ni yangu. Na hiki, ni cha nani?"

 Mrindoko alitaka kusema, "Kwanza kisu." Akatazama mpini alioufumbata. Akaona kiganja chake mwenyewe, kipana kama jembe, chenye sugu za miaka arobaini.

"Nakijwa!" akaita. "Njoo ukishike."

Nakijwa akasimama kizingitini. "Kimemalizika, baba?"

"Hakijamalizika. Kishike hivyo hivyo."

Nakijwa akanyoosha mkono. Mkono wa kushoto.

"Mwanangu, wa kulia," akasema Mrindoko.

"Huo nautumia sahanini, baba, kwa adabu, mbele yako. Kazi nafanya kwa huu. Kwa huu napalilia, kwa huu namenya, kwa huu nachota."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Kasiva akaacha kunywa, mdomo wazi.  Miaka yote ile Mrindoko alikuwa amemwona binti yake wakati wa kula tu. Saa nyingine zote macho yake yalikuwa kwenye chuma. Aliujua mkwaruzo wa mgongo wa kisu, mrefu kama kucha ya mtoto. Mkono wa mtoto hakuujua.

Nakijwa akafumbata mpini. Tundu la kidole gumba likawa upande usio wake. Uvimbe ukamsukuma kiganja. Vidole vyake vyembamba havikukutana. Akajaribu kuvuta kisu hewani, kikamgeuka mkononi.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Niliomba nikishike, baba. Mara mbili."

 Mrindoko akaliweka jani la msasa chini, akachukua kisu cha kuchongea.

"Kibuyu kimefika mabegani!" akapiga kelele Kasiva.

Mrindoko akachukua masizi ya tanuri, akaupaka mkono wa kushoto wa Nakijwa, kiganja chote. "Fumbata. Kaza. Achia." Masizi yakaacha madoa mawili tu juu ya mti: pale peke yake ndipo mkono ulipogusa. Mrindoko akachonga pale pale, na uvimbe, pamoja na uzuri wote alioutia, ukaanguka chini ukawa chenga.

"Kibuyu kimefika tumboni!"

Akampaka tena. "Fumbata. Kaza. Achia." Sasa madoa yalikuwa matano, na vidole vilikaribiana. Akachonga, akaziba tundu la zamani kwa ulimbo, akafukua jipya upande wa pili. Jasho lilimdondoka puani, hakulifuta.

"Kibuyu kimefika kitakoni, mkwe! Nasikia mashapo!"

Akampaka mara ya tatu. "Fumbata. Kaza. Achia." Nakijwa akaachia, na juu ya mti palikuwa na mkono mzima, mweusi, kuanzia shina la kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Hapakuwa na pengo. Nakijwa akakifumbata tena, akakivuta hewani, kisu kikapita pasipo kugeuka. Akamtazama baba yake, akacheka kwa pumzi tu.

Mrindoko akapangusa mpini, akaupaka nta. Kisha akauona ule mkwaruzo. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye jani la msasa.

Kasiva akakohoa.

Mrindoko akaliacha jani. Akakitia kisu alani, akaihamisha kamba ya ala upande mwingine, akamvika binti yake. "Twendeni," akasema, na sauti yake ikamshangaza kwa udogo wake.

Walifika jua likiwa utosini. Mkungu ulikuwa mlangoni, wa tatu, mbichi kabisa. Mama yake Sekiete, mwanamke mrefu wa maneno machache, alikuwa chini yake na ungo. Watu walijaa uani. Sekiete alisimama pembeni, ameisokota kofia yake mpaka imekuwa kamba.

Nakijwa akachomoa kisu kwa mkono wa kushoto. Ua ukavuma. "Kushoto!" wakanong'ona wengine. "Kitamteleza!" Mrindoko akafumba macho. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutaka kuitazama kazi yake.

Akasikia sauti moja, fupi: shwa! Kisha nyingine, nzito: pu! Kisha vigelegele, vikaanzia mlangoni, vikazunguka ua, vikapanda kilima.

Akafumbua macho. Chane ilikuwa katika ungo. Mama mkwe alikigeuza kisu mikononi mwake, akamtazama Nakijwa kutoka juu hadi chini, akasema, "Mkono wa kushoto! Mimi wangu ni wa kulia. Basi jikoni tutaketi bega kwa bega, na viwiko havitagombana. Ingia, mwanangu."

Nakijwa akaingia.

Mrindoko akashusha pumzi ndefu, ndefu hata aliyekuwa mbele yake akashika kofia. Akaketi chini pale pale alipokuwa, katikati ya maganda ya ndizi, akajiona mwepesi kama mivukuto iliyofunguliwa. Baada ya kitambo Nakijwa akamjia na maji. "Baba, huu mkwaruzo wa mgongoni usiuondoe kamwe. Nikiupapasa kwa kidole nakijua kisu changu, hata katika kapu la visu ishirini."

"Sitauondoa," akasema Mrindoko. Na ajabu ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Akamgeukia Kasiva. "Mkwe, koo limekauka. Nipe tone la mwisho la dengelua."

Kasiva akakipindua kibuyu. Halikudondoka hata tone.

"Kimekwisha lini?"

"Ulipompaka masizi mara ya kwanza."

"Na yale mafunda yote mpaka mara ya tatu? Ulikuwa unakunywa nini?"

"Upepo, mkwe wangu. Na upepo wa kwenu ni mtamu sana, ila haulevyi." Wakacheka wote wawili, mpaka Mrindoko akayafuta machozi, na hakujua ni ya kicheko au ni ya ule mzigo uliomshuka.

Tangu siku ile, mtu akija kwa Mrindoko kutaka jembe au shoka au kisu, hakuulizwa kwanza anataka nini. Aliambiwa, "Nipe mkono wako niuone." Na kwenye boriti nyigu alikaa kimya, wimbo wake ulikuwa umesikika.

Na funzo la ngano hii nalisema waziwazi, asije mtu akaniuliza njiani: unayemfanyia kazi, mtazame yeye kabla ya kuitazama kazi, na ikishamfaa, iache.

Nami nilipita kwa Nakijwa mwaka jana nikaazima kisu kile nimenye ndizi. Nilikishika kwa mkono wa kulia. Ndizi ilibaki na ganda lake, kidole changu kikatoka bila la kwake. Kovu lenyewe hili hapa. Asiyesadiki na asogee alitazame.

Nimekata?
— Umekata!
Kimebaki nini?
— Imebaki ala!
Basi nakitia alani. Kila mtu na achukue mkono wake, aende nao kwao.